Tuketi Meza Moja na Mgema

Kuna starehe ambazo mwalimu hujinyima, na si umaskini peke yake unaomnyima, bali mazoea. Wiki nzima maisha yake huendeshwa na kengele: kengele ya kuingia, kengele ya kutoka, na baada yake rundo la madaftari linalomsubiri mezani. Jumamosi ikifika huwa amekwisha kusahau namna ya kwenda mahali pasipo na haraka. Mimi nilikuwa mmoja wao kwa miaka mingi. Barabara itokayo Kilifi kwenda Malindi, ambayo ni mwendo wa kilomita 60 hivi, nimeipita mara nisizoweza kuzihesabu, lakini kila mara nilikuwa nikienda kusahihisha mitihani, kuhudhuria mkutano au kuzika. Sikupata kuipita kwa ajili ya kuipita tu.

Hivi majuzi nilifanya hivyo. Mwalimu mwenzangu, mzaliwa wa Takaungu ambaye amestaafu kama mimi, alinijia na gari lake kuukuu na kuniambia kwamba tungesafiri siku mbili bila ya shughuli yoyote. "Tutakwenda tukisimama, Mwalimu," aliniambia. "Tumewafundisha watoto kwamba haraka haraka haina baraka, nasi wenyewe hatujapata kuliamini neno hilo." Nikacheka, nikaingia garini. Sikujua kwamba safari hiyo ya kujiburudisha ingenirudisha darasani, tena si mbele ya ubao bali kwenye dawati la nyuma.

Tulivuka daraja la Kilifi asubuhi maji yakiwa yamejaa. Vijana wa leo hudhani daraja hilo lilikuwapo tangu kuumbwa kwa dunia, ilhali lilifunguliwa mwaka wa 1991. Kabla ya hapo wasafiri tulikuwa tukingojea feri, na katika kungojea huko watu walijuliana hali, wakanunua korosho, wakapashana habari. Daraja limetupa saa nyingi, nasi hatujui tumezifanyia nini. Mwenzangu aliendesha polepole kupita Tezo, Ngerenya na Matsangoni, minazi na mikorosho ikitupokea huku na huku. Matatu zilitupita kwa hasira na honi. Sisi tulizipungia mkono.

Tulisimama kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita mraba zipatazo 420. Humo mna bundi mdogo sana, ambaye ni nadra mno kuonekana kwingineko duniani. Wakulima wanaopakana na msitu huo waliuona zamani kuwa ni adui, kwa maana ulikuwa ukiwatolea ndovu na nyani wa kuharibu mazao. Mwaka wa 1993 ulianzishwa mradi wa Kipepeo huko Gede, na wakulima wakafundishwa kuwafuga vipepeo wa msitu huo na kuyauza mabundo yao ng'ambo, ambako huwekwa katika nyumba za maonyesho. Mdudu ambaye mtoto alikuwa akimkimbiza kwa mchezo akawa sababu ya kulipiwa karo. Kipepeo hakubadilika, macho ya watu ndiyo yaliyobadilika. Naomba msomaji aliweke akilini jambo hilo, kwa maana nitalirudia.

Gede nako tulishuka. Mji huo wa mawe, uliochimbuliwa na James Kirkman kuanzia mwaka wa 1948, uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mnamo mwaka wa 2024. Miongoni mwa vitu vilivyofukuliwa humo ni vyombo vya kaure kutoka Uchina na shanga za kioo kutoka nchi za mbali. Nilisimama mbele ya kuta hizo nikawaza: kumbe mwambao huu haujaanza leo kupenda kitu kizuri cha mgeni! Wenyeji wa hapa walikula katika sahani za Uchina kabla Mreno hajaiona bahari hii. Na Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwezi wa Aprili mwaka wa 1498, sultani wa Malindi hakumngojea mgeni ampe. Yeye ndiye aliyempelekea kondoo na viungo. Watu wa zamani hawakuogopa meza ya mgeni, kwa sababu hawakuionea haya meza yao.

Saa sita tulikuwa Malindi. Anayeufahamu mji huo anajua kwamba Kitaliano husikika sokoni kama Kiswahili, na kwamba mtoto wa Malindi aweza kupatana bei kwa lugha hiyo kabla hajajua kuiandika. Uhusiano huo una historia yake. Miaka ya 1960 Waitaliano walijenga kituo cha San Marco karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, na mwaka wa 1967 wakarusha setilaiti kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa kutoka hapo hapo setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, nayo, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa ni sikukuu yetu, ikapewa jina la Uhuru. Baada ya wanasayansi wakaja watalii, baada ya watalii wakaja walowezi, na walowezi wakaja na chakula chao.

Ndipo tukaingia katika duka moja la vyakula vya Kitaliano. Nakiri kwamba niliingia kwa woga, kama mwanafunzi aliyechelewa. Ndani ya kabati la kioo lenye baridi zilikuwa zimepangwa jibini za kila namna: nyeupe na laini zilizoelea katika maji ya chumvi, za manjano zilizokauka na kuwa ngumu kama gogo, nyingine zenye ukoko, nyingine zenye harufu ambayo mwenzangu aliitaja kwa neno nisiloweza kuliandika gazetini. Muuzaji, kijana wa Kigiriama mwenye aproni safi, alituonjesha kipande kimoja kimoja na kutueleza kila kimoja.

Maelezo yake yalikuwa somo kamili. Jibini, alisema, ni maziwa yaliyofundishwa kukaa. Maziwa hutiwa bakteria wa kuyachachusha, kisha kimeng'enya ambacho kwa asili hutolewa katika tumbo la ndama anyonyaye. Maziwa huganda, maji yake hukamuliwa, bonge linalobaki hutiwa chumvi na kuwekwa. Ile laini huvutwa ndani ya maji ya moto hadi inyumbuke kama unga wa chapati, na huliwa ingali mbichi. Ile ngumu huhitaji yapata lita kumi za maziwa kutoa kilo moja, nayo hukaa miezi, pengine miaka, ikigeuzwa na kupanguswa. Ile iitwayo Parmigiano haikubaliwi kubeba jina hilo kabla ya kutimiza miezi 12. Mwenzangu, ambaye ni Mwislamu, aliuliza swali la haki: huyo ndama alichinjwa na nani? Kijana hakubabaika. Alimwonyesha jibini zilizogandishwa kwa kimeng'enya kisichotokana na mnyama, akamchagulia moja. Mzee wa Takaungu alikula akafumba macho. "Mwalimu," aliniambia, "nimeishi miaka sabini nikidhani jibini ni ile ya kopo."

Tulinunua kipande kidogo kwa bei ambayo sitaitaja, mke wangu asije akaisoma. Tukaketi kwenye mkahawa wenye kivuli. Mimi niliagiza gilasi moja ya divai nyekundu. Mwenzangu aliagiza dafu, na kwa kuwa ndiye aliyeshika usukani, mafundisho ya dini yake na sheria za barabarani zilikubaliana siku hiyo bila ya mjadala. Mhudumu alinimiminia divai na kunisimulia habari za kilima ilikotoka, aina ya zabibu na idadi ya miaka. Nilisikiliza kwa adabu kubwa. Niliizungusha gilasi kama nilivyoona wengine wakifanya. Nilionja, nikatikisa kichwa kama mtu anayefahamu.

Hapo ndipo kumbukumbu moja iliponijia, na divai ikanichachukia mdomoni.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari ya huku kwetu. Siku moja niliwapa wanafunzi wa Kidato cha Kwanza insha yenye kichwa "Kazi ya Baba Yangu". Kijana mmoja mwembamba, aliyekaa karibu na dirisha, aliandika kwamba baba yake ni mgema. Alieleza namna baba yake anavyopanda minazi alfajiri na jioni, anavyonoa kotama yake, anavyoyajua makarara kwa kuyagusa. Ilikuwa insha nzuri, pengine bora kuliko zote za darasa lile. Mimi niliisoma kwa sauti, si kwa kuisifu bali kwa kuifanyia mzaha. Nilipomaliza niliongeza: "Wanafunzi, tumsifu mgema huyu au tuogope tembo lake kutiwa maji?" Darasa zima likaangua kicheko. Nilijiona mwalimu mwerevu aliyetumia methali mahali pake.

Muhula uliofuata baba yake alikuja kulipa karo. Alikuja na noti ndogo ndogo na sarafu zilizofungwa katika kitambaa, nazo zilinuka mnazi. Nakumbuka jinsi nilivyozipokea kwa ncha za vidole na kuzipitisha upesi kwa karani. Mzee yule aliona. Hakusema neno, alikunja kitambaa chake, akaaga kwa heshima, akaenda. Na katika insha yoyote ambayo kijana yule aliniandikia baada ya hapo, hakumtaja tena baba yake.

Sasa mimi huyo huyo nilikuwa nimeketi Malindi, nikimsikiliza mtu akinisimulia sifa za mgema wa Kitaliano. Kwani mkulima wa zabibu ni nani, ila mgema asiyepanda? Kinachofanyika ndani ya pipa la divai na kinachofanyika ndani ya kibuyu cha mnazi ni kitu kimoja: viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho hula sukari na kutoa kileo pamoja na hewa ya kaboni dayoksaidi. Louis Pasteur wa Ufaransa ndiye aliyethibitisha katika miaka ya 1850 na 1860 kwamba uchachu wa maziwa na uchachu wa divai ni kazi ya viumbe hai. Hamira haina utaifa. Lakini sisi tumeipa hamira ya Ulaya kiti cha mbele na hamira ya kwetu tukaiachia mlango wa nyuma.

Alasiri tulivuka mto Sabaki tukaelekea Marafa. Huko kuna bonde la ajabu ambalo wenyeji huliita Nyari, na ambalo watalii hulijia jua linapotua ili waone rangi zake: nyeupe, waridi, chungwa na nyekundu iliyoiva. Mtaalamu wa ardhi atakwambia kwamba ni mchanga na udongo uliochongwa na mvua na upepo kwa muda mrefu. Wazee wa Kigiriama husimulia vingine. Husema hapo paliishi watu matajiri wa ng'ombe, waliojaaliwa maziwa mengi hata wakawa wakiyaogea, ilhali majirani zao walikuwa hawana. Mungu alikasirika, ardhi ikafunguka, wakadidimia pamoja na mji wao. Weupe wa kuta zile, husema, ni maziwa yao. Na wekundu ni damu.

Nilisikiliza hadithi hiyo nikiwa na kipande cha jibini mfukoni, na sioni haya kusema kwamba kilinielemea. Lakini tuielewe vyema. Hadithi ya Nyari haisemi kwamba maziwa ni mabaya, wala haikatazi mtu kuyafurahia. Kosa la watu wale halikuwa kustarehe. Kosa lao lilikuwa kustarehe bila ya kujali kazi iliyoyatoa maziwa na bila ya kumwona jirani aliye mlangoni. Mtu anayeonja jibini polepole, akauliza limetoka wapi na limetengenezwa na nani, hayaogei maziwa. Anayeyaogea ni yule anayekunywa na kula bila ya kumjua mtu wala kumheshimu.

Usiku tulilala Malindi kwa jamaa wa mwenzangu. Jumapili alfajiri, katika safari ya kurudi, nilimwomba asimamishe gari kati ya Gede na Matsangoni, mahali nilipoona kibuyu kinaning'inia kileleni. Tulimkuta mzee mmoja akijiandaa kupanda. Tukamwamkia, akaitikia. Nikamwambia kwamba mimi ni mwalimu na nimekuja kujifunza. Alinitazama kwa muda, akidhani labda ni askari aliyevaa kiraia.

Alipoamini, alinifundisha. Mgema huchagua karara changa ambalo halijafunguka, akalifunga kwa kamba lisipasuke, akalizoeza kwa siku kadhaa kwa kulipiga taratibu na kuliinamisha. Kisha hukata ncha kwa kotama, ukate mwembamba kama karatasi, na kutundika kibuyu chini yake. Utomvu hudondoka usiku na mchana. Kila asubuhi na kila jioni hupanda tena, akakusanya, akakata ukate mwingine. Akikata mnene, karara huisha mapema. Akichelewa, kidonda hukauka. Na karara linalogemwa halizai nazi, kwa hiyo kila kibuyu ni hesabu ya nazi alizoziacha. Tembo la alfajiri ni tamu kama maji ya miwa. Kufikia adhuhuri limeanza kukolea. Kesho yake ni kali. Likiachwa siku zaidi huwa siki, nayo siki hiyo ina kazi yake jikoni. Hata mwenzangu, ambaye hajaonja kileo maishani, alikumbuka kwamba nyumba nyingi za mwambao zilikuwa zikiumulia mkate wa kumimina kwa tembo tamu kabla hamira ya dukani haijaenea.

Nilimwuliza mzee kama amesomesha watoto. Aliinua mkono akaonyesha shina la mnazi, zilipo zile ngazi zilizochongwa kwa panga kutoka chini hadi juu. "Mwalimu," alisema, "hivi ni vidato vyangu. Watoto wangu watatu wamepanda vya shuleni kwa hivi."

Nimefundisha Kiswahili zaidi ya miaka thelathini. Neno "kidato" nimeliandika ubaoni, katika ripoti na katika vyeti, mara maelfu. Nilijua kwamba maana yake ya asili ni pale mahali pa kuwekea mguu katika shina la mnazi. Nimo katika watu wanaolijua jambo hilo kwa kulisoma kamusini. Lakini siku hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kulielewa. Elimu yetu yote ya sekondari imeazima jina la ngazi ya mgema na watu wa kabila la kazi yake, nami nilimcheka mtoto wa mgema akiwa amekaa katika Kidato cha Kwanza!

Najua baadhi ya wasomaji wamekwisha kukunja uso. Watauliza: je, Mwalimu anawafundisha vijana ulevi? La hasha. Ulevi umeangamiza nyumba nyingi za mwambao huu, na mwanafunzi hana haki wala haja ya kukaribia mangwe. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka wa 2010 inakataza kumuuzia kileo aliye chini ya miaka 18, na hilo ni jema. Yupo pia ambaye dini yake imemharamishia kileo, nami namheshimu kama ninavyomheshimu rafiki yangu wa Takaungu, aliyekaa nami siku mbili bila ya kuonja tone na bila ya kunihukumu. Hoja yangu si kwamba kila mtu anywe. Hoja yangu ni kwamba tusiwe na mizani miwili.

Maana mizani miwili tunayo. Divai ikinywewa hotelini na jibini pembeni, huitwa ustaarabu. Tembo likinywewa chini ya mwembe na wazee wanne, huitwa uvivu. Wakati wa ukoloni serikali ilitunga sheria za kuubana ugemaji, na maofisa wake waliuona mnazi kuwa ni kizuizi cha kupata vibarua. Bendera ilibadilika mwaka wa 1963, lakini dharau ile haikushushwa pamoja nayo. Mwaka wa 2024, baada ya watu kufariki Kirinyaga kwa pombe yenye sumu, serikali ilianzisha msako nchini kote, na viongozi wa Pwani wakalazimika kusimama kueleza kwamba mnazi si pombe ya kemikali. Ni haki kumwandama mwenye kuwaua watu kwa sumu. Ila mgema ambaye kibuyu chake hakina kitu ila utomvu wa mti hana hatia ya mwenye pipa la sumu, na wanaompima kwa kipimo kimoja na huyo hawajauliza alichokiuliza rafiki yangu kuhusu ndama: kimetoka wapi, na kwa mkono wa nani?

Wenzetu hufanyaje? Wafaransa waliiwekea jibini ya Roquefort ulinzi wa kisheria mwaka wa 1925, ili asiyeitengeneza kwao na kwa namna yao asilitumie jina hilo. Mwaka wa 2010 UNESCO ikautambua mlo wa Kifaransa, pamoja na desturi ya kuulinganisha na divai, kuwa urithi wa binadamu. Nasi tunapiga makofi. Lakini mwaka uliotangulia, yaani 2009, UNESCO hiyo hiyo ilizitambua mila za Makaya ya Wamijikenda, tena katika orodha ya zinazohitaji kuokolewa haraka. Katika mila za Wamijikenda mnazi si kinywaji cha kulewea tu: hutolewa katika posa, hutolewa katika matanga, hutolewa wazee wanapoamua kesi. David Parkin, mwanaanthropolojia Mwingereza, alieleza katika kitabu chake cha mwaka wa 1972 namna miongoni mwa Wagiriama mnazi na ushahidi wa wazee ulivyohusiana na kumiliki ardhi na miti. Mgeni alitunga kitabu kwa jambo ambalo sisi tulilifanyia mzaha darasani.

Wala tusidhani kwamba lazima tuchague kimoja tutupe kingine. Huko Dodoma, nchi jirani, mizabibu ililetwa na wamishonari wa Kitaliano wa Bihawana katika miaka ya 1950, na leo wakulima wa Kigogo wanaijua zabibu kama wanavyoujua mtama. Huko Njombe, maziwa ya wafugaji wadogo hugeuzwa jibini za mtindo wa Kitaliano. Kwetu Kenya jibini imetengenezwa Limuru kwa miaka mingi. Ujuzi wa mgeni ukitua katika mikono ya mwenyeji huwa wa mwenyeji. Kijana yule wa dukani Malindi alikuwa ushahidi wa hayo: alizijua jibini za watu kwa majina na umri. Sikumwuliza kama babu yake alikuwa mgema. Ningependa kuamini kwamba angenijibu kwa kichwa kilichoinuka.

Walimu wenzangu, nina ombi dogo. Muhula ujao mkifundisha uchachu katika somo la biolojia au kemia, msiishie kwenye picha ya pipa la divai iliyomo kitabuni. Mwambieni mwanafunzi aende akamwulize mgema wa kijijini kwao kwa nini tembo la asubuhi ni tamu na la jioni ni kali, na amwulize nyanyake namna samli na maziwa ya mgando yanavyotengenezwa. Aandike, achore, apime joto. Mkifundisha methali ya mgema na maji, elezeni pia kwamba aliyeitunga alijua tembo jema lina thamani, ndiyo maana akachelea lisiharibiwe. Na mkitoa insha ya kazi ya mzazi, isomeni kwa sauti ile mliyoisomea ya mtoto wa daktari.

Nanyi wanafunzi, fedha inayonuka jasho, samaki au mnazi hununua kitabu kile kile. Mkataa kwao ni mtumwa, nami nawaambia kwamba utumwa huo huanza kwa kicheko kidogo darasani.

Kabla hatujaondoka nilimpa mzee kile kipande cha jibini kilichobaki. Alikitafuna kwa makini, akafikiri, akasema kwamba ni kizuri ila kina chumvi. Kisha akanijazia kikombe cha tembo la alfajiri ile. Mwenzangu alikuwa akingoja garini, dirisha likiwa wazi, bila ya haraka yoyote. Nililinywa tembo lile nikiwa nimesimama, na safari hii nilipotikisa kichwa sikuwa nikijifanya.

Kuhusu yule kijana aliyekaa karibu na dirisha, sijui anwani yake. Ikiwa anasoma gazeti hili leo, naomba ajue kwamba insha yake ilistahili alama za juu, na kwamba mwalimu wake ndiye aliyefeli.